Bolti Nane za Bampa la Hoza

Wiki iliyopita nilirudisha funguo za stoo. Mwenzetu aliyezipokea alizihesabu mbele yangu, moja baada ya moja, wala hakuona haya. Nilifurahi, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kwamba amana huhesabiwa mbele ya mwenye kuitoa. Alhamdulillahi. Mola amenijaalia kufika siku hiyo nikiwa na macho mawili na vidole tisa na nusu, na kwa fundi wa magari wa umri wangu huo ni utajiri.

Mmeniomba, wenzangu wa karakana, niandike machache ya kazini. Vyeo sitavitaja. Nani alipandishwa na nani alirukwa, wengi wao tumeshawaswalia, na huko walikokwenda hawaulizwi cheo. Nitaandika juu ya bolti. Najua mtacheka, mtasema Mzee Athumani amekaa karakana miaka yote hiyo na kitu anachokikumbuka ni bolti. Basi ndivyo ilivyo. Someni mpaka mwisho, halafu mcheke.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika gereji ya Bwana Nasor pale Tanga mjini. Bwana Nasor alikuwa mtu wa asili ya Omani, mrefu, mkimya, na akikasirika alizidi kuwa mkimya. Mimi nilitoka Mabawa, nimekaa chuoni kwa sheikh mpaka ndevu zimeota, kwa sababu marehemu baba alitaka niwe mwalimu. Nilijua masharti ya udhu kwa mpangilio wake, lakini siku ya kwanza nilimwuliza fundi mkuu spana ipi ni ya kufungulia na ipi ya kufungia. Gereji nzima iliacha kazi ili icheke. Fundi mkuu peke yake hakucheka. Akanipa spana moja, akaniambia, "Hii ya kufungulia. Ukimaliza kufungua, njoo nikupe ya kufungia." Nilipomrudia alinipa ile ile.

Fundi huyo ndiye Fundi Kombo, Mungu amrehemu. Kwao ni Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na katika paji la uso alikuwa na sijida nyeusi, alama ya kusujudu, yenye kukwaruza kama ngozi ya kisigino. Watu wa mjini walikuwa wakiiona alama ile wanamwachia gari bila kuuliza swali.

Alinifundisha kuchagua bolti kabla hajanifundisha injini. Kwake bolti haikuwa kitu kidogo. Alisema injini ikiharibika gari husimama, bolti ikikatika gari halisimami. Alinikataza kutazama unene kwanza. Alisema tazama kichwa. Bolti ya chuma laini kichwa chake ni kitupu. Bolti iliyopikwa kiwandani ikapata ugumu hupigwa alama kichwani, nyingine herufi, nyingine mistari mitatu iliyotawanyika kama nyayo za kuku. Kisha tazama shingo, yaani sehemu isiyo na meno: iwe ndefu ya kutosha kujaza tundu lote, maana meno yakikaa pale vyuma viwili vinapokutana, ndipo itakapokatika. Kisha meno. Za nusu inchi wakati ule zilikuwa za aina mbili, moja ina meno kumi na mawili katika inchi, nyingine kumi na matatu. Nati ya hii huingia katika ile mizunguko miwili kwa hiari, halafu hugoma. Fundi mwenye akili huitoa. Asiye na akili huleta spana ndefu zaidi. Wiki yangu ya pili nilileta spana ndefu zaidi, na ndipo ile nusu ya kidole ilipobaki.

Jambo lake la mwisho lilikuwa tupa, kile chuma cha kusugulia chuma. Bana bolti kwenye jiliwa, pitisha tupa shingoni mara moja. Chuma laini huliwa kama muhogo wa kuchemsha. Chuma kigumu hulalamika. Tupa huteleza, hulia, inabidi uikandamize. "Macho yatakudanganya," alikuwa akisema, "sikiliza."

Miaka ilipita, nikaoa, nikawa na watoto wawili, nikawa fundi ninayeaminiwa kazi, lakini si kazi yote. Kazi za kufunga vitu vya kuvutia uzito Fundi Kombo alizifanya mwenyewe.

Sasa kuna dereva mmoja, jina lake Hoza, Mbondei, Mkristo mwenye sauti nzuri aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani akiendesha. Alikuwa akiendesha gari la shamba moja la mkonge upande wa kusini wa Pangani, gari la zamani la jeshi, fupi, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Masika ikiingia, gari hilo ndilo lililobeba wagonjwa na ndilo lililovuta malori yaliyozama. Mbele lilikuwa na bampa la bati, na Hoza alishalikunja mara tatu. Akaja na vipande viwili vya reli ndogo, zile za kupitishia vitoroli vya mkonge, akavimwaga uani.

"Nataka bampa la hivi," akasema. "Nikigonga mti, mti uniombe radhi."

"Mbondei hujui kukwepa miti?" nikamwuliza.

"Miti ya Wadigo haikwepi, bwana. Imelala barabarani kama wenyewe."

Mama yangu ni Mdigo, kwa hiyo nilistahili. Tulichomelea zile reli, tukatia ndoano mbili za mnyororo, na bampa likawa zito hata watu wawili hawaliinui. Ikabaki kulifunga kwenye fremu, bolti nne kila upande. Kuchomelea kwenye fremu Fundi Kombo alikataa. Alisema bampa la kuvutia lazima liweze kutoka, na fremu ile ukiitia moto umeitia ugonjwa.

Jumatatu ile ikaja habari kwamba dada yake Fundi Kombo amefariki huko Ushongo. Akafunga fuko lake aende mazikoni. Akiwa mlangoni akamwambia Bwana Nasor, nami nasikia, "Bampa la Hoza atafunga Athumani. Nimemkabidhi." Kisha akanigeukia. "Sanduku la bolti za alama limekwisha. Toa kwenye lile lori bovu la jeshi huko nyuma. Zina mistari mitatu. Chagua vizuri."

Nilichagua vizuri. Naapa hilo, nilichagua vizuri sana. Nikatafuta zenye mistari mitatu, shingo ndefu, meno hayajaliwa. Nikapata tisa zinazofaa, nane za kazi na moja ya akiba. Lakini nati zake zilikuwa zimegandana na kutu ya chumvi, na upepo wa Tanga mnaujua. Nikatia mafuta ya taa, nikangoja kidogo, hazikulegea. Hoza alikuwa amekaa kwenye gogo uani akiniimbia wimbo wa kumsubiri Bwana.

Katika gereji yetu hakuna kilichotupwa. Nati ngumu ilipelekwa kwenye tanuri; ikiwa nyekundu hulegea yenyewe, ukapata nati yako na bolti yako, vyote vizima. Tulifanya hivyo kila siku kwa bolti za mashine za kuchakata mkonge, na hazikuwahi kutudhuru, kwa sababu zile ni za chuma laini tangu kuzaliwa. Basi nikakata vipande vya lile lori, nikazitia bolti tisa zote motoni. Zikawa nyekundu kama pilipili, nati zikatoka kama pete kidoleni. Nikazifukia kwenye majivu zipoe taratibu, maana niliona kuzitia majini ghafla ni kuzionea. Asubuhi nikazipangusa kwa oili chafu. Zikawa nyeusi, nzuri, mistari mitatu inaonekana wazi juu ya kila kichwa. Nikafunga bampa. Nikalitikisa kwa mtaimbo, halikunyanyuka.

"Jumamosi nalijaribu," Hoza akasema akiingia garini. "Kuna lori la marobota limezama kwenye kijito, wiki sasa. Msimamizi ananipigia kelele mpaka usingizini."

"Lijaribu," nikasema. "Kitakachong'oka ni kijito."

Maneno hayo nimeyajutia kuliko mengi niliyoyasema maishani.

Alhamisi asubuhi nilitaka pini ya kufungia bawaba ya lango. Nikachukua ile bolti ya tisa, nikaibana kwenye jiliwa, nikapitisha tupa ili niipunguze. Tupa ikaingia. Haikulia. Nikapitisha tena, unga wa chuma ukamwagika juu ya meza kama unga wa sembe. Nikageuza kichwa cha bolti, mistari mitatu ipo. Nikatazama tanuri, nikatazama majivu, nikafahamu. Ugumu ule uliotiwa kwa moto wa kiwandani nilikuwa nimeutoa kwa moto wangu, nikaupooza kwa majivu kwa huruma kabisa, na alama ikabaki kichwani kama haikusikia habari.

Mtu avute lori la mzigo lililozama, bampa likang'oka na mnyororo umekazwa. Vyuma vile haviangukii chini. Hurudi kama jiwe la kombeo, na walio kando ya mnyororo hawapati hata wakati wa kutamka shahada.

Nitasema kweli, kwa sababu nimefika umri wa kusema kweli. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa uhai wa watu wale. Nilijiambia labda zitashika. Ni nane. Nikajiambia hakuna aliyeona. Fundi Kombo amenikabidhi mbele ya Bwana Nasor, nitamwaibisha akiwa matangani. Nikawaza watoto. Nikaenda kuswali adhuhuri, nikafika kwenye sijda, nikashindwa kuinuka haraka, kwa sababu nilikuwa nimebeba amana ya watu nisiowajua majina.

Nilipotoka msikitini Fundi Kombo alikuwa anashuka kwenye lori, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, Fundi. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Bampa limekwenda?"

"Limekwenda, Fundi. Bolti nilizitoa nati kwa moto."

Akaweka fuko lake chini. "Zilifika nyekundu?"

"Nyekundu."

"Ukazipooza na nini?"

"Majivu."

Akapumua. "Nani mwingine anajua?"

"Mungu."

"Basi wenye kujua siri wametosha," akasema. "Sasa twende tukamwambie na Bwana Nasor."

Bwana Nasor alisikiliza, akazidi kuwa mkimya, akasema maneno mawili tu: "Nendeni mkazitoe."

Mchana ule Fundi Kombo alinionyesha nilichopaswa kufanya. Tukalala chini ya lile lori bovu, upande wa nyuma, ambako zilibaki bolti za aina ile ile. Akachukua tindo, akaiegemeza ubavuni mwa nati, akapiga nyundo mara tano, sita. Nati ikapasuka. Bolti ikatoka salama. "Nati unazo kopo zima stoo," akasema. "Wewe ulitaka kuokoa vyote viwili. Unayoihitaji ni bolti, basi nati mwachie Mungu." Tukatoa nane. Kila moja tukaisikilizia tupa. Zote zililia.

Ijumaa tukapata gari mpaka Pangani, tukaswali pale swala ya Ijumaa. Lakini mvua za bara zilikuwa zimeujaza mto, pantoni likakataa kuvuka. Mwenye pantoni alituambia maji hayana haraka na sisi tusiwe nayo. Nililala Pangani nikiwa macho. Jumamosi tulivuka na pantoni la kwanza, tukatembea, bolti tumezigawana mifukoni, nne kwangu na nne kwake, miguu inazama kwenye tope jekundu mpaka kwenye vifundo.

Tuliwasikia kabla hatujawaona. Watu walikuwa wakiitikia wimbo wa kuvuta. Lori limeinama kwenye kijito, nyuma yake watu wenye magogo, na kando ya mnyororo, kushoto na kulia, wameshika kamba za kuuongoza watu kama kumi. Gari la Hoza liko juu ya ukingo, limeelekeza uso kwenye lori, linarudi nyuma kinyumenyume, na mnyororo umeshanyooka.

Nilikimbia. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilisimama nyuma ya gari lake, mahali linaporudi, nimetandaza mikono.

Hoza akatoa kichwa dirishani. "Mdigo! Umekuja kulala barabarani?"

"Legeza mnyororo, Hoza."

"Nilegeze? Ndiyo kwanza limesogea. Tumevuta mara moja, limesogea shibiri nzima."

Msimamizi wa shamba akaja juu, akauliza hawa ni nani. Watu wakanyamaza kusikiliza. Nilimtazama Fundi Kombo, nikidhani atanisemea. Alikuwa anafuta tope kwenye kanzu yake kwa utulivu mkubwa, kama mtu aliyefika harusini mapema.

"Mimi ndiye niliyefunga hili bampa," nikasema. "Nilikosea. Bolti nimeziharibu kwa mkono wangu. Likikatika litaua watu. Tokeni hapo kwenye kamba."

Walitoka. Mzee mmoja wao aliiachia kamba yake polepole, kama anamweka mtoto aliyelala.

Hoza akalegeza mnyororo, akashuka, tukaingia chini ya gari sote watatu. Sikuhitaji spana kwa ile ya kwanza. Niliizungusha nati kwa vidole. Bolti ikatoka imerefuka, shingo yake imekonda katikati kama kiuno cha nyigu. Ya pili vile vile. Ya tatu ilitoka nusu, nusu ikabaki tunduni. Hilo lilikuwa la mvuto mmoja tu, wa shibiri moja.

Hoza aliichukua ile nusu, akaiviringisha kiganjani. Hakutania. Akakaa tuli kwenye tope, anatazama pale walipokuwa wamesimama wenye kamba.

"Ndugu yangu alikuwa pale kushoto," akasema.

Nikalala chali tena, nikaanza kuitoa ile nusu iliyobaki tunduni.

Kubadilisha bolti nane kwenye tope, chini ya gari, na msimamizi anatembea huku na huko juu ya kichwa chako, ni kazi ya saa nyingi. Fundi Kombo hakugusa spana. Alinishikia taa tu, na kila nati nilipoikaza aliniambia, "Tena." Kumbukeni hili: bolti haishikilii kwa unene wake, hushikilia kwa kubana. Ikilegea, hata iwe nene kama mkono, itakatwa. Mwisho akapita yeye na spana, akajaribu zote nane, hata moja haikusogea. Akatoka chini.

Watu wakaamriwa kukaa mbali, juu ya ukingo. Nami nikaanza kupanda pamoja nao. Hoza akaniita.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Juu, pamoja na wenzangu."

"Aliyefunga akae hapa," akasema, akipiga kiti cha pembeni yake. "Ukiwa umenidanganya, bwana, twende pamoja kwa Mola tukaulizane huko."

Nikapanda. Ilikuwa haki yake. Akatia gia, mnyororo ukainuka kwenye maji, ukadondosha matone, ukanyooka mpaka ukatoa mlio. Mimi nilikuwa nasoma Ayatul Kursi, yeye anasema Baba Yetu, na sijui kati yetu nani alikuwa anasoma kwa sauti zaidi. Gari likatetemeka, likashika, likarudi shibiri, kisha hatua, na lile lori likatoka kijitoni likimwaga maji kama ng'ombe aliyetoka mtoni. Wale watu wakashangilia. Hoza alizima injini, akalaza kichwa kwenye usukani.

"Sasa nashuka?" nikamwuliza.

"Shuka," akasema. "Lakini taratibu, tope linateleza."

Adhuhuri tulitawadha kwenye kijito kile kile. Fundi Kombo alipomaliza, alizitoa mfukoni zile bolti zangu mbovu, akazipanga juu ya jiwe. Zimekonda, zimepinda, na mistari mitatu iko pale pale juu ya vichwa vyake.

"Alama hazikufutika," nikasema.

"Alama iko kichwani," akasema. "Moto ulipita shingoni." Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. Kisha akagusa sijida yake kwa kidole. "Hata hii, Athumani, isikudanganye. Wala hii ya kwangu isinidanganye mimi. Njoo tuswali."

Bwana Nasor hakunifukuza. Fundi Kombo alimwambia kwamba fundi aliyekuja kujisema mwenyewe hafai kutupwa, maana mwingine kama huyo hajulikani atapatikana wapi. Toka siku ile Hoza hakumpa mtu mwingine gari lake, na kila alipolichukua aliniuliza mbele ya watu, "Umezichoma?" Alifanya hivyo mpaka alipoacha udereva. Siku namzika mama yangu alikuja kutoka Muheza, akanishika mkono muda mrefu, na hata pale nilimwona anataka kuuliza.

Mengine niliyoyaona kazini mtayasikia kwa wengine. Wamo wanaokumbuka vizuri kuliko mimi. Mimi sasa nina sijida yangu mwenyewe, imetoka polepole bila kuombwa, na vijana wapya wakiniona huniachia kazi bila kuuliza. Nimewakataza. Mkipewa bolti, au mtu, ulizeni kwanza vimepita moto gani.

Zile funguo nilizozirudisha, moja ni ya sanduku la bolti za alama. Mwenzetu alipomaliza kuhesabu alilifungua, akachukua bolti moja iliyo juu, akaibana kwenye jiliwa mbele yangu. Hakuniomba ruhusa, wala hakunitazama usoni. Akashika tupa. Mimi nilikuwa nimeshavaa kofia yangu niende zangu, nikasimama mlangoni, nikangoja nisikie.

Ililia.